Kwenda Mchombe kwa Gari Lako Mwenyewe

Aghalabu mtu anayekusudia kusafiri kwa gari lake mwenyewe huanza kwa kufungua ramani, akapima masafa baina ya mji na mji, akayagawa kwa mwendo wa gari, na jawabu analolipata akaliita saa ya kufika. Hesabu hiyo hufaa katika njia kuu itokayo Dar es Salaam hadi Mikumi, na tangu lami ilipotandazwa baina ya Kidatu na Ifakara imeanza kufaa hata huko. Lakini kwa msafiri anayeelekea Mchombe, kata iliyo katika tarafa ya Mngeta, chini ya milima ya Udzungwa, katika njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, hesabu ya kilomita ni nusu tu ya maarifa anayoyahitaji. Nusu ya pili imo majini. Anayetaka kulizuru bonde la Kilombero kwa usukani wa mkono wake hana budi kuipanga safari kwa majira ya mito kabla hajaipanga kwa saa za gari, na makala haya yanakusudia kumweleza kwa nini ni hivyo, na afanyeje.

Bonde la Kilombero, ambalo urefu wake unazidi kilomita 200, limelala baina ya milima ya Udzungwa iliyo upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge zilizo upande wa kusini-mashariki, na mto uliolipa jina lake hupita katikati ukipinda na kujigawa katika nyasi na mabwawa, mpaka ukakutana na Luwegu, na hapo Rufiji ikazaliwa. Mwaka 2002 uwanda wake wa mafuriko, wenye eneo linalokaribia kilomita za mraba 8,000, uliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa ulimwengu mzima chini ya Mkataba wa Ramsar. Njia ya Mlimba haikukatwa katikati ya uwanda huo, maana isingedumu hata masika moja. Ilipitishwa pembeni, miguuni pa mlima, juu ya ardhi iliyoinuka kidogo, ya mchanga na udongo ambao mito yenyewe iliuteremsha kutoka juu kwa karne nyingi, na hapo ndipo watu walipojenga vijiji vyao pia. Lakini faida hiyo ina gharama yake. Kila mto utokao Udzungwa ukiutafuta Kilombero sharti uikate njia: Lumemo karibu na Ifakara, kisha Ruipa, kisha Mngeta, kisha Kihansi, na baina ya hiyo mikubwa vijito vingi ambavyo wakati wa kiangazi mtu huvivuka bila kujua kwamba amevuka kitu.

Fauka ya hayo, mvua inayoijaza mito hiyo si lazima iwe ile anayoiona msafiri. Miteremko ya Udzungwa inayolitazama bonde hupokea mvua nyingi kuliko uwanda ulio chini yake, na mawingu hufungamana huko juu ilhali wakulima wa mpunga wako mashambani chini ya jua kali. Mvua ikinyesha mlimani jioni, maji hushuka usiku. Na msafiri aliyelala chini ya mbingu yenye nyota, akaamka kwa matumaini mema, hufika kwenye kijito alichokipita jana kikiwa kikavu, akakikuta kimekuwa mto mwekundu unaobeba matawi ya miti. Maji ya mlimani yana haraka mbili, haraka ya kuja na haraka ya kwenda zake: yaliyoizuia njia asubuhi yamkini yakawa yamepungua kabla ya alasiri. Kwa sababu hiyo dereva mwenye subira hupita salama mahali ambapo dereva mwenye pupa hulipoteza gari lake, na wakati mwingine nafsi yake.

Basi kalenda ndiyo ishikwe kwanza. Mvua za bonde huanza kuonekana mnamo Novemba au Desemba, hukazana kuanzia Machi, na Aprili ndio mwezi ambao Kilombero hufurika na kuufunika uwanda wake. Mei jua hurudi, lakini udongo mzito mweusi wa sehemu za mabondeni haujali kwamba mvua imekatika. Huendelea kuyashika magurudumu kwa majuma kadhaa. Toka Juni hadi Oktoba ndicho kiangazi, na ndani ya kiangazi hicho mimi naupendelea mwezi wa Julai kuliko mingine yote, kwa kuwa njia imekwisha kauka na vumbi halijawa jingi, hewa ya alfajiri ni baridi kidogo, na mpunga umekwisha vunwa, hata mashine za kukoboa zinasikika katika kila kijiji. Anayesafiri Oktoba atapita kwa urahisi zaidi, ila atapita katika joto zito na moshi wa nyasi zinazochomwa. Anayesafiri Aprili asiende na gari huko, na akiwa na shughuli isiyoweza kungoja, kwake yeye kuna reli, nayo nitaitaja mbele.

Habari za karatasi ni fupi. Leseni iliyo hai, kadi ya gari, na bima, hata kama ni ile bima ndogo ya kuwafidia wengine, viwe mahali pa kufikiwa na mkono. Na gari likiwa la kukodi au la ndugu, hati inayoonyesha kwamba limetolewa kwa ridhaa ya mwenyewe humwepusha mtu na maswali mengi. Anayetoka Kenya au nchi nyingine jirani atahitaji kibali cha muda cha gari kutoka mpakani, pamoja na kadi ya njano ya bima inayotambuliwa katika nchi hizi. Askari wa usalama barabarani huuliza kizima moto na pembe tatu za kuakisi mwanga, na mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi huchungwa kwa tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo. Kila kosa hutozwa faini. Si vyema kuiona kanuni hii ya mwendo kuwa ni mtego, kwa sababu katika njia ya kwenda Iringa vijiji vimejengwa kandokando ya lami, na watoto huivuka wakienda shule.

Ama kuhusu gari lenyewe, msafiri wa kiangazi anaweza kufika Ifakara kwa gari lolote lililo zima. Toka hapo kwenda Mchombe gari lililoinuka juu na linalovuta kwa magurudumu yote manne ni bora, na mvua zikianza hugeuka kuwa lazima. Matairi ya akiba yawe mawili kuliko moja, na jeki iwe na ubao mpana wa kuiwekea chini, kwani juu ya tope jeki isiyo na ubao huzama yenyewe kabla haijaliinua gari. Kamba madhubuti ya kuvutia, sepetu, panga, taa ya mkononi, pampu ya upepo, na maji ya kunywa ya siku nzima kwa kila mtu aliyemo garini: hivyo si vitu vya anasa. Redieta, mipira yake na mkanda wa feni vikaguliwe na fundi kabla ya safari, maana kuendesha kwa gia nzito katika joto la bonde huyafichua maradhi ya injini ambayo mjini hayaonekani. Mafuta yajazwe Mikumi, na yajazwe tena Ifakara hata kama tangi halijafika nusu, kwa sababu mbele yake vituo ni haba, na mafuta yauzwayo kwa chupa na madumu kando ya njia huwafaa waendesha bodaboda kuliko yanavyoufaa mtambo wa gari.

Toka Dar es Salaam hadi Ifakara ni karibu kilomita 420, na anayeondoka kabla ya mapambazuko, akaukwepa msongamano wa Kimara na Kibaha, huweza kufika kabla jua halijatua. Morogoro ni mahali pazuri pa kupumzika na kunywa chai. Mbele yake njia kuu huingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ikapita humo kwa kadiri ya kilomita 50, hata tembo, twiga, nyati na nyani huonekana toka dirishani bila mtu kulipa kiingilio. Neema hiyo ina haki yake: mwendo upunguzwe kama vibao vinavyoagiza, chakula kisitupwe nje, na usiku njia hiyo isipitwe ila kwa dharura. Dereva anayemuua mnyama hulipishwa fidia, na dereva anayegongana na nyati gizani aghalabu hana tena wasaa wa kuifikiria fidia. Njia hii imekwisha beba mizigo mizito ya historia pia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao tarehe 11 Novemba 1965, na njia ya mafuta ya Zambia iliyopita kwao kukatika, malori yalipita hapa yakipeleka mafuta Zambia, katika vumbi na matope ya wakati ambao lami haikuwapo, na madereva wa siku zile wakaifananisha njia yenyewe na jehanamu.

Katika mji wa Mikumi msafiri huiacha njia kuu ya Iringa akashika kusini, akateremka mpaka Kidatu, ambako mto Ruaha Mkuu hushuka toka milimani na kuendesha mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 204. Hapo mashamba ya miwa huanza, na katika msimu wa kuvuna matrekta huikokota miwa barabarani kwa mwendo wa taratibu. Dereva ayapite pale tu anapoona mbele yote. Mkono wa kulia Udzungwa husimama wima, kijani tupu, na haumwachi tena msafiri mpaka mwisho wa safari yake.

Mang'ula pana lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, yenye kilomita za mraba 1,990, na msafiri wa gari ajue kwamba humo ndani hamna barabara: gari hubaki langoni, na mwenye gari huenda kwa miguu yake pamoja na kiongozi. Nasema hivi kwa kusisitiza, kwa sababu wengi hupita Mang'ula kwa haraka ya kufika Ifakara, wakakosa kuona maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka mita 170 katika ngazi za miamba, na msitu ambamo mwaka 1979 wataalamu walimtambua nyani wa jamii ya ngolaga, aliyepewa jina la Sanje kwa kijiji kilicho karibu, ingawa wenyeji walimjua zamani. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu, basi msafiri awe tayari kulipa kwa kadi au kwa simu. Anayelala Mang'ula usiku mmoja hupanda Sanje asubuhi na kufika Ifakara jioni bila kuchoka.

Ifakara ni mji wenye sifa yake katika elimu ya tiba. Mwaka 1957 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Uswisi, chini ya Profesa Rudolf Geigy, ilifungua hapa maabara ndogo ya uchunguzi, na kutokana na mbegu hiyo ikamea Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo uchunguzi wake wa malaria na mbu hutajwa duniani kote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya za Kilombero na Ulanga viliuzwa vyandarua vyenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, na yaliyojulikana hapa kuhusu faida yake kwa watoto wadogo yakawa ithibati kwa nchi nyingine. Msafiri naye achukue funzo lililo wazi: alale ndani ya chandarua kila usiku, atake ushauri wa daktari juu ya dawa ya kinga ikiwa yeye si mwenyeji wa nchi za joto, na akipata homa njiani au baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo.

Ifakara ndipo mahali pa kuuliza, na kuuliza nako kuna adabu na maarifa yake. Ukimkuta dereva wa lori la mpunga au mzee aliyeketi barazani, umsalimu kwanza, umjulie hali, ndipo useme haja yako. Lakini usimwulize, "Mzee, njia ya Mchombe inapitika?" kwa maana kwa ukarimu wake atakujibu, "Inapitika, mwanangu," na ukweli utakuwa kwamba inapitika kwa bodaboda, au kwa miguu, au ilipitika jana. Mwulize hivi: "Shikamoo, mzee. Gari la mwisho kutoka Mlimba limeingia lini?" Akisema, "Marahaba. Basi limeingia jana usiku," una habari ya kutegemea. Akisema kwamba tangu juzi hakuna lililoingia, jawabu lake limekwisha kuokoa, na lililobaki ni kutafuta chumba cha kulala. Kisha uulize mito mmoja mmoja kwa majina, Lumemo, Ruipa, Mngeta, kwa kuwa njia moja huweza kuwa njema kilomita sitini na kukatika katika ya sitini na moja. Uulize pia kuhusu kazi za ujenzi, maana palipo na matengenezo njia hupindishwa pembeni juu ya udongo uliofukuliwa juzi, na kipande hicho kipya huteleza kuliko njia ya zamani.

Kutoka Ifakara hadi Mchombe ni chini ya kilomita 100, nazo zitengewe siku nzima katika fikira za msafiri, hata akizimaliza kwa saa chache. Njia hupita Idete, Namawala na Mbingu, katika mashamba ya mpunga, migomba na minazi michache, na mara kwa mara makundi ya ng'ombe huziba njia yote, na dereva hungoja mpaka mchungaji awapeleke pembeni. Honi huwatawanya tu na kumwongezea mchungaji kazi. Penye tope, kanuni ni moja: simama kabla hujaingia, shuka, utembee kwa miguu mahali utakapopitisha magurudumu, uchague gia nzito, kisha uingie kwa mwendo mmoja usiobadilika mpaka utoke. Gari linalokwama ni lile ambalo dereva wake alibadili nia katikati. Likikwama, usizidi kulikanyagia mafuta, kwani magurudumu yatajichimbia kaburi. Ushushe upepo wa matairi, uchimbe mbele yake, utandike matawi, na uwaombe wenyeji wakusaidie. Nao huja. Mapatano ya malipo yafanywe kabla ya kazi, kwa heshima, na yalipwe bila ubahili, maana watu hao wameacha jembe lao shambani.

Penye maji yaendayo, hadhari izidi. Maji usiyoyaona chini yake usiyaingie mpaka mtu mzima anayeyajua ayavuke mbele yako. Yakifika magotini nayo yana nguvu, yamekwisha kuwa na uwezo wa kulisukuma gari. Na katika mabwawa ya upande wa Kilombero mwenyewe wamo mamba na viboko, ambao hawana habari kwamba wewe ni mgeni. Jawabu la salama kuliko yote ni kuzima injini na kungoja. Hata mto mkubwa una historia ya namna hiyo: kabla ya Mei 2018, lilipozinduliwa daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384 katika njia ya Ifakara na Mahenge, watu na magari walivushwa kwa kivuko, na Januari 2016 kivuko hicho kilizama kikiwa na abiria na magari.

Mchombe yenyewe na jirani yake Mngeta si mahali penye majumba ya kutazamwa, na msafiri anayetafuta hoteli kubwa amekosea njia. Ni mahali pa kujua mchele unaoliwa Dar es Salaam umetoka wapi na kwa jasho la nani. Humo mpunga wa Supa, wenye harufu inayojulikana kabla chungu hakijafunuliwa, huvunwa kwa mkono, hupigwa, hupepetwa, hukobolewa kwenye mashine za vijijini na kupakiwa kwenye malori. Na bei yake hutegemea sana njia hii hii ninayoisimulia, maana lori lisipofika mkulima hana pa kuupeleka. Hapo pia pana shamba kubwa la mpunga la Mngeta, lenye kadiri ya hekta 5,800, lililoanzishwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea ya Kaskazini na baadaye likapita mikononi mwa wengine. Chakula cha jioni ni wali na samaki wa mto, kambale au kitoga au perege, na sijui mji uwezao kuupika wali kuushinda ule unaopikwa mahali ulipolimwa.

Sambamba na njia ya gari inapita reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina baina ya mwaka 1970 na 1975. Kwa vijiji vya bonde reli hii ilikuwa njia kuu ya maisha wakati barabara ilipokuwa chini ya maji, na treni fupi ambayo wenyeji waliiita Kipisi iliwabeba wafanyabiashara na magunia yao toka stesheni hadi stesheni. Msafiri wa gari asiidharau. Atazame ratiba yake kabla hajaondoka nyumbani, maana gari likiharibika Mchombe, kifaa cha kulitengenezea, au yeye mwenyewe, huweza kusafiri kwa reli.

Mbele ya Mchombe njia hupita Chita, kisha hufika Mlimba, na baina ya Chita na Mlimba lipo korongo la Kihansi, ambamo mwaka 1996 alionekana chura mdogo wa rangi ya manjano, azaaye watoto walio hai, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliohifadhiwa Marekani ndio waliozaa kizazi kilichorudishwa nchini kuanzia mwaka 2010. Korongo hilo si mahali pa kuingia bila ruhusa.

Toka Mlimba wapo wanaoendelea kupanda kupitia Taweta na Madeke mpaka Njombe. Njia hiyo simshauri mtu aishike peke yake, wala kwa gari moja, wala nje ya kiangazi; akiwa na mwenzi wa gari la pili na habari za siku hiyo kutoka kwa madereva wa Mlimba, ajaribu. Wengine warudi Ifakara kwa njia waliyojia, wakiwa wametenga siku moja ya akiba ambayo haikupewa kazi yoyote katika mpango wa safari. Mito isipoihitaji siku hiyo, watu wa Mchombe watawaonyesha njia ya kwenda mashambani.